Mahafali ya Ngazi

Ngazi alikuwa mwaka wa tisa katika kozi ya miaka mitatu, na kama umeshaanza kusema moyoni kwamba alikuwa mjinga, tulia kwanza usikie. Huyu alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Wachezaji wapya walikuwa wakimwamkia shikamoo kabla ya kumpasia mpira. Refa mmoja kijana aliwahi kumpulizia filimbi kwa kumsukuma mtu, halafu wakati wa mapumziko akamfuata kumwomba radhi. Na kocha wa chuo cha jirani alikuwa mtu waliyewahi kukabana naye uwanjani. Yule akahitimu, akaajiriwa, akanenepa, akaacha kazi, akageuka kocha, na kila akirudi na vijana wake anamkuta Ngazi yuko palepale chini ya goli na jezi ileile.

"Kaka, bado tu?" humwuliza.

"Bado kidogo," Ngazi humjibu, maana atamwambia nini?

Jina hilo alilipata wiki ya kwanza. Alifika chuoni na begi moja na hamu moja, kusomea upimaji wa ardhi. Mpira wa kikapu alikuwa hajawahi hata kuushika. Sasa siku moja balbu ya ukumbi wa chakula ikaungua, mlinzi akaanza kuzunguka akitafuta ngazi huku akilaumu watu, na yule kijana mgeni akainuka mezani, akanyoosha mkono, akaifungua balbu mbovu, akafunga nzima, akarudi kwenye sahani yake. Kocha alikuwa meza ya pili anakula. Kijiko kilimponyoka.

"Wewe! Unacheza kikapu?"

"Hapana, mwalimu."

"Unacheza," kocha akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Haya. Kabla ya Ngazi, timu ya chuo ilikuwa kichekesho. Vyuo vingine vilikuwa vinaleta wachezaji wao wa akiba, na bado vinashinda. Ngazi akafundishwa kudunda, akafundishwa kuruka, akafundishwa kudaka mpira uliogonga chuma kabla mtu mwingine hajajua umegonga wapi, na makombe yakaanza kuingia. Mkuu wa chuo, mtu mfupi wa kimo na mrefu wa hotuba, akajenga kabati la vioo la kuyawekea. Kisha akaweka sakafu mpya uwanjani, mbao zinang'aa hata unajiona meno. Maktaba ilikuwa inavuja tangu enzi hizo, lakini vitabu havijawahi kuleta kombe, au siyo?

Shida ilikuwa moja. Mashindano ya vyuo yana sharti kwamba mchezaji lazima awe mwanafunzi. Akihitimu, kwisha habari yake. Basi wakubwa wakakaa, wakakuna vichwa, wakaona kumzuia mtu chuoni si kazi ngumu. Huna haja ya kumfelisha masomo yote. Moja tu linatosha.

Somo lenyewe lilikuwa Stadi za Mawasiliano. Ni somo la mwaka wa kwanza, la kuwafundisha watu wazima namna ya kuandika barua ya kuomba ruhusa na namna ya kumsalimia bosi. Ngazi alifaulu hesabu zinazotoa watu machozi. Alifaulu ramani, alifaulu sheria za ardhi, alifaulu kazi za vipimo nje ya darasa, na hizo ndizo alizozipenda kuliko zote, maana ile darubini ya kupimia iliyokaa juu ya miguu mitatu ndiyo kitu pekee chuoni kilichoweza kurefushwa mpaka kikamfikia machoni. Kitanda hakikumfikia, meza haikumfikia, mlango ulimpiga paji la uso kila asubuhi. Akiwa nyuma ya darubini, anaangalia mwenzake aliyeshika fimbo ya vipimo kule mbali, alijisikia yuko mahali pake. Lakini yakitoka matokeo, mbele ya Stadi za Mawasiliano pameandikwa "hayajakamilika".

Mwaka wa kwanza walimwambia karatasi yake imepotea. Uliofuata wakamwambia msimamizi alisahau kuitia sahihi. Uliofuata tena, imelowa maktaba. Baadaye wakaacha kutoa sababu, wakaona wanajichosha bure.

Na aliyekuwa anafundisha somo hilo sasa, sikia vituko hivi, ni mtu aliyelala kitanda cha juu yake walipoanza chuo. Walikopeshana kalamu hao. Mmoja akahitimu, akaenda kusoma zaidi, akarudi mhadhiri na miwani, mwingine yuko kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu akikaa mbele darasa zima halioni ubao. Mhadhiri akisahau alipoishia, humtazama Ngazi, na Ngazi humkumbusha. Mizaha yake yote alikuwa anaijua. Ilipofika pale pa kucheka, alicheka mapema kidogo ili kumsaidia.

"Kaka, usinielewe vibaya," mhadhiri alimwambia siku moja wakiwa peke yao koridoni, akitazama huku na huku. "Mimi alama nakupa kila mwaka, tena nzuri. Naziandika, zinapanda juu ofisini, zinashuka zimekuwa 'hayajakamilika'. Nina watoto, kaka."

"Mimi sina," Ngazi akasema. "Nitawapata saa ngapi? Nina mazoezi."

Likizo ile akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia chumba cha mbele, mlango wazi, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Mwaka Ngazi alipoingia chuoni mama alinunua kitambaa cha buluu iliyoiva, akamshonea suti ya mahafali. Kwa kuwa ni fundi mwenye akili, alijua mtoto bado ataongezeka, akaacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono. Akaitundika nyuma ya mlango na kuifunika shuka. Tangu hapo kila likizo ilikuwa kazi moja, kuishusha suti, kuipimisha, kufumua, kuongeza, kushona, kuirudisha nyuma ya mlango. Mtu wa miaka kumi na tisa na mtu wa miaka ishirini na nane hawana mabega sawa, hasa akiwa amebebeshwa timu nzima.

Safari hii mama alimvua koti, akaligeuza ndani nje, akamwonyesha.

"Unaona hapa? Huu ni ukingo. Kitambaa cha akiba kimekwisha, kwapani hakuna hata kidole. Nikifumua tena nimelivunja koti lote."

"Mama, ni mwaka huu."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, nikaenda kusuka nywele. Mwanangu, watu wa mtaa huu wananiuliza unasomea nini kisichokwisha. Nimewaambia udaktari."

"Mama! Mimi mpima ardhi."

"Ardhi gani inapimwa miaka tisa? Hata mngekuwa mnapima dunia nzima mngekuwa mmesharudi!"

Ngazi alicheka. Mama hakucheka. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kitakia chake, akakaa juu ya kiti cha cherehani, na kwa mara ya kwanza Ngazi akaona jinsi alivyokuwa amepungua.

"Mimi macho yananiacha," akasema. "Uzi siku hizi natungiwa na mtoto wa jirani. Nataka nikuone umeivaa hii suti nikiwa bado naiona. Sitaki kingine kwako, sijui kama naomba kikubwa."

Maneno hayo yalimchoma Ngazi pabaya. Alirudi chuoni akiwa amekata shauri kwamba liwalo na liwe, mwaka huu anatoka. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya mkuu wa chuo, akainama mlangoni, akaingia.

Mkuu alimpokea kwa mikono miwili. Alimkalisha, akamwagizia soda, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka soda ikaisha gesi.

"Ngazi, wewe ni nguzo ya chuo hiki! Sasa nikuulize, umewahi kuona mtu anaing'oa nguzo ya nyumba yake mwenyewe, anaipa cheti, anaiambia kwaheri?"

"Mkuu, mama yangu..."

"Mama msalimie sana. Wewe lete kombe mwaka huu, halafu tutaona."

"Mwaka jana nilileta, mkuu."

"Ndiyo maana tunakuamini!"

Alitoka pale ameambulia soda. Angefanya nini? Acheze vibaya makusudi? Alishajaribu, jamani. Mwaka mmoja alirusha mpira ovyo, amefumba macho kabisa, ukaingia, na picha yake ikabandikwa ukutani penye njia ya kuingilia. Mwili ulikuwa umezoea, na haukumwuliza tena ruhusa.

Njia aliionyeshwa na Kifaru. Huyu Kifaru alikuwa mchezaji mwenzake, jitu pana, roho safi, na darasani alikwenda kulala tu. Alikuwa amefeli kila kinachofelika. Siku moja mazoezini akatua vibaya, kifundo cha mguu kikalia, muuguzi wa chuo akasema huyu mpira basi. Wiki ile haijaisha Kifaru akawa amefaulu masomo yote, likiwemo moja ambalo hakuwahi kujiandikisha. Jumamosi wakamtolea godoro nje, kwa sababu kitanda chake, kile kirefu, kilikuwa kinatakiwa na mchezaji mpya.

"Nimehitimu, Ngazi!" Kifaru alilia kwa uchungu, amekaa juu ya godoro lake na cheti mapajani. "Mimi nilikuwa napapenda hapa! Naenda wapi mimi?"

Ngazi alimbembeleza, akambebea godoro mpaka getini. Njiani akasimama ghafla, godoro kichwani. Miaka yote hiyo alikuwa akifikiri kwamba kinachomzuia ni Stadi za Mawasiliano. Kumbe ni magoti yake.

Nusu fainali ilichezwa mchana kweupe, uwanja umefurika mpaka madirishani. Ngazi hakuwahi kujifanya ameumia uwanjani hata siku moja, na usingizi ulikuwa umempaa kwa siku kadhaa akifanya mazoezi ya kuanguka chumbani. Alisubiri timu yake itangulie kwa pointi za kutosha, maana vijana wale aliwapenda na hakutaka kuwaacha pabaya. Kisha akaruka kudaka mpira, akaudaka, akatua, akakumbuka kwamba anatakiwa kuanguka, akaanguka.

"Goti!" akapiga ukelele, ameshika goti la kulia. Halafu akakumbuka kwamba chumbani walikubaliana, yeye na nafsi yake, kuwa ni la kushoto. Akahamisha mikono.

Muuguzi wa chuo akaja mbio na mkoba wake, akapiga magoti. Mama huyu aliajiriwa mwaka uleule Ngazi alioingia, na vidole vyote vya Ngazi vilivyowahi kuteguka ndiye aliyevifunga.

"Hapa panauma?"

"Panauma!"

"Na hapa?"

"Panauma sana!"

"Hapo ni kiatu."

Wakatazamana. Jasho likamtoka Ngazi la kweli sasa, kwa sababu aliona amekamatika, ameumbuka mbele ya umati, na suti ya mama itaozea nyuma ya mlango. Muuguzi alimtazama, akazitazama zile mvi mbili tatu zilizoanza kumtoka kijana wa watu juu ya masikio. Kisha akasimama, akamgeukia kocha na uso wa msiba.

"Goti limekwisha. Huyu hachezi tena maisha."

Alipoinama kumfunga bandeji akamnong'oneza, "Pole, nahodha. Na hongera."

Kocha alilia machozi kabisa, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Mkuu wa chuo aliuliza mara moja tu, "Hachezi kabisa?" Muuguzi akasema kabisa. Mkuu akatikisa kichwa, akatazama saa yake, akaondoka kwa haraka kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

Kesho yake mchana, Ngazi yuko kitandani na mguu juu ya mto, mhadhiri akaingia anahema, miwani upande.

"Umefaulu! Stadi za Mawasiliano, daraja la kwanza!"

"Mtihani si wiki ijayo?"

"Ndiyo," mhadhiri akasema. "Usije."

Fainali timu ilifungwa vibaya, lakini kabati la vioo lilikuwa na subira. Kocha alikuwa ameshapata kijana mwingine mrefu kutoka kozi ya ukutubi. Aliulizwa kama anacheza, akasema hapana, na mpaka unaposoma hapa ameshapewa jezi ya Ngazi.

Siku ya mahafali palikuwa na upepo wa ovyo, unapuliza turubai mpaka nguzo zinalia. Mama alikuja mapema, amesuka, amekaa safu ya mbele. Alimvalisha suti kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya turubai, vifungo vikakubali shingo upande. Juu yake akamtupia joho, ambalo lilimfikia magotini. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akamtazama kwa muda, akapangusa macho na ncha ya mtandio.

"Umependeza. Sasa nisikilize. Usinyooshe mikono juu. Kwapani pameshikwa na uzi na dua."

"Nina magongo, mama. Nitanyoosha vipi?"

Lilipoitwa jina lake halisi hakuna aliyeinuka kushangilia, kwa kuwa hakuna aliyelijua. Lakini alipojitokeza na magongo yake, anachechemea kama alivyomwona Kifaru siku ile ya godoro, umati mzima ukasimama ukipiga kelele, "Ngazi! Ngazi!" Mkuu wa chuo akaona hiyo nafasi hawezi kuiacha. Akashika kipaza sauti, akaeleza jinsi chuo kilivyomlea huyu kijana, jinsi kilivyompa kila kitu, jinsi kisivyomtupa mtoto wake hata akiwa kilema. Akapangusa jicho ambalo lilikuwa kavu. Ndipo akamkabidhi cheti.

Sasa Ngazi ana gongo kwapa hili na gongo kwapa lile, mkono wa kupokelea uko wapi? Alikuwa bado anajipanga, mkuu ameshaachia, na upepo ukaja. Cheti kikapanda. Kilipita juu ya kofia ya mkuu, kikapinduka, kikaanza kuelekea juu ya turubai na kwenda zake.

Miaka tisa, bwana! Miaka tisa mtu anafundishwa kitu kimoja, kwamba kinachopaa ni chako. Magongo yalianguka upande huu na upande ule. Ngazi alipiga hatua mbili, akaruka, joho likafunguka, mkono ukaenda juu kuliko nguzo ya turubai, na suti ikalia *kraaa* kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Alikidaka cheti kwa vidole viwili. Akatua kwa miguu yote miwili, mbao za jukwaa zikavuma.

Halafu watu wakalipuka, wengine wakasema muujiza, bibi mmoja akaanza kuimba.

Kocha hakuimba. Alikuwa ameinuka kitini, mdomo wazi, anatazama chini. "Goti," akasema taratibu. Halafu kwa sauti, "Mkuu! Goti zima!"

Uso wa mkuu wa chuo ulipita rangi kadhaa, ukatulia kwenye tabasamu. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Ngazi, mwanangu, hebu nipe hicho cheti kidogo. Naona muhuri haujakauka vizuri. Nakurudishia sasa hivi."

Akanyoosha mkono. Ngazi wa mwaka wa kwanza angempa. Ngazi wa mwaka wa tano angempa pia, na kusema asante. Hata huyu wa tisa, mkono ulianza kushuka wenyewe, kwa mazoea ya kutii wakubwa. Kisha akamwona mama yake pale mbele, amekaza macho ili aone vizuri, mtandio umemteleza. Mkono ukasimama, ukarudi juu.

Mkuu wa chuo akaruka. Jamani, niliyemsikia akisimulia alikuwa analia kwa kicheko. Mkuu aliruka na joho lake jekundu, kofia ikamtoka, hakufika hata kwenye kiwiko. Akaruka tena. Kocha akapanda jukwaani kusaidia, ila yeye ndiye aliyekuwa na goti bovu la kweli, akaishia kuning'inia kwenye joho. Mhadhiri akaitwa naye aruke. Aliruka kwa heshima tu, nyayo hazikuacha mbao, na alipotua akamkonyeza mwenzake wa kitanda cha chini.

"Lete!" mkuu akahema. "Mwaka mmoja tu! Nitakupa chumba cha peke yako! Nitakupa kitanda kirefu!"

Ngazi hakujibu, maana daraja la kwanza la mawasiliano alishalipata. Alijinasua mikononi mwa kocha, akashuka ngazi za jukwaa, mkono umenyooka juu na cheti kikipepea kwenye upepo, akapita katikati ya safu za viti mpaka kwa mama yake. Mkono wa koti ulikuwa umebaki na nyuzi chache, shati lote liko nje. Aliposimama mbele yake aliona aibu kama mtoto aliyechana sare siku ya kwanza ya shule.

"Mama, nimelichana."

Mama aliinuka. Alipapasa lile pengo kwa vidole vya fundi, kuanzia kwapani mpaka kiunoni, akainua uso kutazama kule juu kabisa, mahali cheti kilipokuwa. Nyuma yao mkuu wa chuo alikuwa anakuja mbio, ameinua joho asijikwae.

"Usiushushe huo mkono," mama akasema, akikwapua mkoba wake. "Kwapa nitashona. Twende nyumbani."